Mwaka wa Maboga ya Kuokota

Kaka yangu Nassor ana tabia ya kumaliza mambo. Tulipokutana nyumbani Stechford mwezi uliopita kuhamisha vitu vya mama, alikuja na mifuko mikubwa ya taka, akavua koti, akaanza na kabati la jikoni kana kwamba kuna mtu anamfukuza. "Hivi vyote vinakwenda," akasema. Hivyo vyote vilikuwa makopo ya aiskrimu. Mama, Mungu amrehemu, hakutupa kopo la aiskrimu tangu siku tuliyohamia Birmingham, na sisi wenyewe hata aiskrimu hatukuwa tukiila kiasi hicho. Sijui alikuwa akiyatoa wapi. Yalikuwa yamepangwa moja ndani ya jingine mpaka juu, mengine yameshika rangi ya manjano ya bizari isiyotoka hata ukiyasugua namna gani. Nikamwambia Nassor apunguze kasi. Akaniambia mimi kazi yangu ni kukalia vitu kama kuku anayeatamia. Nikamjibu kwamba kazi yake yeye ni kukimbia, na akija haji siku anayotarajiwa. Nilisema kwa utani, wallahi, lakini akasimama na kopo mkononi akanitazama, na sote wawili tukajua ni mwaka gani tunauzungumzia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka ule sikujua kukaa. Nilikuwa nimemaliza shule, matokeo si mabaya si mazuri, na kila aliyeniona aliniuliza ninafanya nini sasa, nami sikuwa nikifanya chochote. Nilikuwa natembea. Nikichoka kutembea napanda basi la mzunguko, lile linalouzunguka mji mzima na kukurudisha palepale ulipopandia, nakaa juu, kiti cha mbele kabisa, natazama nyumba za watu. Tukifika Acocks Green naegemea kioo nikiyakodolea macho madirisha yaliyo juu ya maduka, kwa sababu Nassor alikuwa akiishi nyuma ya mojawapo, na sikuwahi kumuuliza ni lipi. Sikushuka hata siku moja. Wanangu nikiwasimulia wananiuliza, kwa Kiingereza chao, kwa nini sikumpigia simu tu. Simu nilipiga! Tuliongea karibu kila wiki. Lakini kwenda kwake ilikuwa kuchagua upande, na mimi nilikuwa mtoto pekee aliyebaki ndani, nikiona kwamba nami nikiondoka ile nyumba haitasimama.

Ugomvi wenyewe ulitokea mwezi wa Machi, asubuhi, mezani, kwenye chai. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuendesha teksi yake, macho mekundu, anachovya hamri kwenye kikombe. Nassor hakumwacha hata amalize. "Baba, nimeacha chuo," akasema. "Nimepata kazi ya jikoni, mkahawa mmoja kule Edgbaston." Baba akaiweka ile hamri juu ya meza, si kwenye sahani, mezani, akasema, "Uhandisi umeuacha ukaoshe masufuria." Nassor akasema, "Sioshi, baba. Napika." Basi! Hapo ndipo moto ulipowaka. "Mimi walevi wananitapikia ndani ya gari usiku kucha," baba akasema, "ili wewe upike?" Nassor naye ana mdomo, akajibu kwamba hakuna aliyemtuma. Lo, neno lile! Mpaka leo likinijia nafumba macho. Baba akanyanyuka akamwambia atoke, asikanyage pale mpaka siku atakayorudi chuo. Mama alikuwa amesimama kwenye jiko, mwiko mkononi, mafuta yanachemka nyuma yake, na hakusema kitu. Baadaye, niliposhakuwa na watoto wangu, aliniambia kwamba maneno ya baba hayakumuuma sana. Kilichomtafuna mwaka mzima ni kwamba yeye alinyamaza.

Kuanzia hapo mama naye hakutulia. Sisi wa Mombasa tunajua kwamba Idd haiingii kwenye nyumba ya zamani. Ramadhani nzima watu wanapaka chokaa, wanafua mazulia, wanashona mapazia mapya, ili asubuhi ya Idd mgeni akiingia aone kumependeza. Mama mwaka ule hakungoja Ramadhani. Ilipoingia Septemba tu akaanza, na fedha ya kununua vitu vipya haikuwepo, kwa hiyo alitumia mikono. Alinunua mashuka meupe ya mitumba akayatia rangi ndani ya mashine ya kufulia, alikusudia zambarau, yakatoka rangi ya ini. Sikucheka mbele yake. Wiki mbili nzima kila tulichofua kilitoka kimechafuka uwekundu, na baba akaenda tarawehe na kanzu ya waridi, amekaza uso, anamngoja mtu athubutu kumwambia kitu. Mito ya sofa mama aliijaza masweta ya zamani aliyoyakata vipande, ukikaa unahisi kifungo. Ukuta wa sebule aliupaka rangi za mabaki ya makopo matatu yaliyochanganywa ndani ya ndoo, na kwa kuwa hazikutosha, upande wa nyuma ya sofa ukabaki kama ulivyokuwa. Kila kazi aliianza kabla ya ile ya kwanza kwisha. Nikiingia nakuta sofa liko dirishani, nikitoka nikirudi liko mlangoni. "Hebu shika huku, Zuhura," ananiambia, kabla sijavua viatu.

Rangi zile za mabaki zilitoka kwa Mama Jasbir, jirani yetu, Kalasinga aliyezaliwa na kukulia Kisumu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha vijana wetu wengi. Yeye na mama walikuwa wakiongea juu ya ua wa mbao, mmoja ameshika kamba ya nguo, mwingine bakuli la pilipili. Mwaka ule Diwali na Idd ziliangukia wiki moja, na wote wawili walikuwa mbioni, wakipelekeana mitungi, brashi, unga wa dengu. Siku moja nilikuwa nikianika nguo nikamsikia Mama Jasbir akiuliza, "Mama Nassor, hii nyumba unampambia nani? Unaoza binti?" Mama akasema hapana, kijana wake anakuja Idd. "Amesema anakuja?" Mama akasema, "Nimempigia. Nimemwambia njoo Idd. Akasema nitakuja Idd, inshallah." Akayarudia maneno yale mara mbili, polepole, kana kwamba Mama Jasbir ndiye aliyekuwa hataki kuyaamini. Mama Jasbir akauliza, "Na mzee?" Mama akashughulika na pini za nguo.

Halafu yakaja maboga. Waingereza wana ule usiku wao wa mazimwi, watoto wanavaa vinyago na kugonga milango, na kila nyumba inaweka boga mlangoni lililotobolewa macho na meno. Kesho yake wanayatupa. Mama alikuwa akiliona jambo hili mwaka baada ya mwaka na kumwomba Mungu msamaha kwa niaba ya mtaa mzima. Mwaka ule uzalendo ulimshinda. Asubuhi alitoa kile kigari chake cha sokoni chenye magurudumu akaniambia tunatoka. Nilifikiri tunakwenda dukani. Kumbe tunapita mlango kwa mlango! "Samahani, mpendwa, hili unalitaka?" anauliza kwa Kiingereza chake cha kazini, na watu wanampa wakicheka, wengine wanatuongezea mawili. Nilitamani ardhi ipasuke. Kulikuwa na msichana niliyesoma naye kwenye nyumba moja, akanipa boga lenye meno matatu, tukatazamana. Njiani nikamwambia mama kwamba hatujafikia hatua ya kuokota vyakula. Hata hakugeuka. "Wao wamekiharibu chakula, mimi nakitengeneza, na wewe unaona haya," akasema. "Haya wangeiona wao." Tukarudi na kigari kimejaa nyuso.

Boga lao lile, lakini, ni maji matupu. Halina utamu wala unga, ukilichemsha kama la kwetu linakuwa uji. Mama alilijua hilo. Alilimenya akalikata, akalitia chumvi akaliacha lichuruzike kwenye chujio, kisha akalikausha taratibu kwenye sufuria pana bila maji, na mwishoni ndipo akatia tui la kopo, iliki na sukari. Mbegu alizianika kwenye trei juu ya hita, na sebule yetu mpya ikanuka kama ghala. Tulifuturu boga, tukala daku boga. Baba akafunua sufuria siku ya pili akasema, "Hili nalo lilikuwa na macho?" Mama akamwambia ale. Huku nje fataki zinalia kutoka kila upande, za Diwali, na za wale wasioweza kungoja usiku wao wa mioto, madirisha yanatikisika, na mama anachoma vileja, vibiskuti vya unga wa mchele, trei baada ya trei, anavipanga kwenye makopo ya aiskrimu, juu anafunika karatasi. Vileja alivipenda Nassor. Kila kitu alichopika wiki ile kilikuwa kitu ambacho Nassor alikipenda, na baba alikuwa akikitazama kila kimoja kikitoka ovenini.

Sasa lazima nieleze kuhusu baba na mwezi. Baba alikuwa mtu wa mwezi. Miaka yote ya mwanzo hapa Birmingham, usiku wa kuamkia thelathini alikuwa akitoka kwenye kibustani cha nyuma na Nassor mkononi, baadaye Nassor akiwa amemfikia begani kwa urefu, wanatazama mawingu. Mawingu ya hapa mnayajua. Hawakuona kitu. Basi baba anapiga simu Mombasa, nako kama haukuonekana, tunafunga thelathini, hata kama mtaa mzima unakula. Misikiti ya hapa mingine inafuata hesabu, mingine inafuata Saudia, na kila mwaka mji unagawanyika, baba alikuwa na swali moja tu kwa wote, akiwauliza hata mashekhe: "Nani kauona?" Tulikuwa tukienda shule siku ya Idd ya wenzetu na njaa zetu, na mimi nilikuwa nikinung'unika, lakini Nassor alikuwa akijivuna, mtoto mdogo, anawauliza wenzake uwanjani, nani kauona. Mwaka ule baba alilegea. Mama alikuwa msafishaji hospitalini Edgbaston na ruhusa ya siku moja lazima aombe mapema, na kalenda ya msikiti wa karibu ilishasema Alhamisi. Baba akamwambia, "Chukua Alhamisi. Tutafuata msikiti wa hapa, upate kupumzika." Alifanya kwa huruma. Niliwasikia kupitia ukuta wa chumba changu, na nikamsikia mama akiuliza, "Na akija, utampokea?" "Mimi sikumfukuza," baba akasema. "Nilimpa sharti." Mama akamwambia, "Idd haina sharti, Baba Nassor." Baba akasema hilo litaonekana akishakuja.

Alhamisi ikafika. Baba aliswali akarudi, akakaa kwenye sofa na ile kanzu ya waridi iliyokwishafifia kidogo, mikono juu ya magoti. Mapazia ya rangi ya ini yamening'inia, udi unafuka, mama ameweka biriani ya mbuzi katikati, na viazi, na kachumbari, na kaimati zinazong'aa shira. Tukangoja. Mama alikuwa hakai, anakwenda dirishani, anarudi, ananyoosha kitambaa kilichonyooka. Gari likipunguza mwendo nje tunanyamaza wote watatu. Ilipofika adhuhuri akampigia Nassor, simu ikaita bila kupokewa. Akapiga tena alasiri. Wafanyakazi wa jikoni, tulijua, simu zao hufungiwa kabatini wakiwa kazini, na hilo ndilo lilinichoma mimi, kwamba siku ya Idd amekwenda kazini. Baba akapakuliwa akala peke yake kidogo, akanawa mikono. Kisha akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira, "Umeona, Mama Nassor? Yeye ndiye hataki." Mama akasimama. Sijawahi kuona mtu akiondoa vitu vile. Aliteremsha mapazia, akayakunja. Akaleta makopo, akaanza kupakia biriani kwa mwiko, kopo baada ya kopo, anashindilia. "Peleka kwa Mama Jasbir," akaniambia. Nikasema, "Mama, Mama Jasbir hali nyama." Akanipigia kelele, "Mpelekee!" Machozi yanamtoka. Vileja nikapeleka nyumba za mbele, kaimati nyumba za pembeni, mpaka jikoni kukawa hakuna kitu. Maghrib ilipoingia simu ya nyumbani ikalia. Nilinyoosha mkono. "Usiishike," mama akasema. "Sasa hivi ndiyo amekumbuka?" Ikalia mpaka ikachoka.

Nilimchukia Nassor usiku ule, nasema kweli. Nilijiambia nimezunguka mji huu mwaka mzima kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kupanda basi moja kuja kumwona mama yake. Niliapa kwamba mwaka mpya ukiingia nami naondoka, nakwenda popote, London, Leicester, hata kama ni kulala sakafuni kwa mtu.

Asubuhi ya Ijumaa mama akaondoka kwenda kazini na uso umevimba. Baba alikuwa amelala. Alitoka kwenye teksi alfajiri. Mimi nilikuwa nafagia sebule iliyokuwa tupu tena, nimevaa suruali ya kulalia, mlango ukagongwa. Nikafungua. Nassor huyo hapo, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya mkono kichwani, koti la baridi juu yake, na doti ya khanga mpya kwapani. Ananukia udi. Anacheka meno yote nje.

"Idd njema, Zuhura! Mbona hujavaa?"

"Nassor," nikasema, "Idd ilikuwa jana."

Akafikiri namtania. "Jana gani? Jana mimi nimefunga. Nimesimama kwenye majiko kutwa na saumu yangu, nimetoka nimeona mama kapiga, nimepiga tena hakuna anayeshika." Akatazama nyuma yangu, akaiona sebule. "Mama yuko wapi?"

Ngazi zikalia. Baba alikuwa ameshuka nusu, na kikoi chake, nywele zimesimama, ameshika ubao wa ngazi. Sijui alisikia kiasi gani. "Mama yako alikungoja jana kutwa nzima," akasema.

"Shikamoo, baba."

"Nimesema mama yako alikungoja."

Nassor akavua kofia. Hakuwa akibishana, na hilo ndilo lililofanya liwe gumu. Alikuwa akiuliza kama mtoto anayetaka kujua. "Lakini baba, jana ilikuwa thelathini. Tulitoka nje sote pale Acocks Green, mimi na wale Wazanzibari ninaokaa nao, mawingu matupu. Tukapiga simu kwao, hakuna kitu. Mombasa nimepiga pia." Akaikunja ile kofia mkononi. "Nani kauona?"

Nilimtazama baba. Swali lile lilikuwa lake mwenyewe. Mtoto aliyemfukuza ndiye mtu mmoja tu katika Birmingham nzima aliyekuwa ameshika alichofundishwa naye, na sisi tuliokuwa chini ya paa lake tumekula. Akamalizia ngazi zilizobaki, akasimama mbele ya Nassor, akamwangalia kuanzia juu mpaka chini. "Umekula?" akauliza.

"Bado. Nimemeza tende tatu, nikasema nitakuja kula kwa mama."

Baba akaingia jikoni. Akafungua friji. Akafungua kabati, akafunga. Akafunua sufuria, moja, mbili. Kwenye meza kulikuwa na nusu ya boga, jicho moja na meno. Kwa watu wetu, mgeni kuingia kwako siku ya Idd ukakosa hata cha kumwekea ni aibu ambayo huisemi, na huyu hakuwa mgeni. Baba akaniuliza chakula kimekwenda wapi. Nikamwambia. Akasimama akafikiri, kisha akavaa viatu bila soksi, akavuta koti juu ya kikoi, akatoka. Mimi nikamfuata mpaka mlangoni, nikaona anapita geti letu na kuingia la jirani.

Mama Jasbir alifungua akiwa na taulo kichwani. "Baba Nassor! Kuna shida?"

"Hakuna shida." Alikuwa akitazama viatu vyake. Baba hakuwahi kuazima hata msumari kwa mtu. Tulipopungukiwa rangi ni mama aliyekwenda, yeye alijifanya haoni. "Jana binti yangu alikuletea chakula."

"Aliniletea, asante, tena kingi sana."

"Nimekuja kukiomba."

Mama Jasbir hakuelewa. "Kukiomba?"

"Nirudishie, mama. Mwanangu amekuja."

Nilitaka kuingia ndani nisione. Mtu kurudi kuomba alichotoa, na kikoi, mchana kweupe! Mama Jasbir akaweka mkono kifuani. Hakucheka. "Nassor amekuja? Ngoja. Ngoja hapo hapo." Akarudi na makopo yote, hayajafunguliwa. "Hii nyama sisi hatugusi, lakini mama yake alikuwa analia, nimesikia mpaka huku, sasa ningekataa vipi? Nimeweka tu kwa friji nikingoja mkwe wangu, yeye anakula." Juu ya makopo akaweka boksi la vitamutamu vya Diwali yake, ladu na barfi. Baba akasema asante. Akasema tena. Akarudi amekumbatia makopo kifuani, kidevu kinashikilia boksi.

Alitaka kuyatia kwenye maikrowevu, Nassor akamzuia. "Baba, wali ukiutia humo utakuwa changarawe. Nipe mimi." Akavua koti, akakunja mikono ya kanzu, akanyunyizia wali maji, akatia kijiko cha samli, akafunika kitambaa kibichi na kuweka moto mdogo kabisa. Kisha akalitazama lile boga lenye jicho moja, akatafuta kisu. Baba akakaa mezani. Baadaye akachukua kisu kingine naye akaanza kumenya upande wa pili, maganda manene mno, Nassor anayatazama. Nilijifanya nafagia. Niliupitia mlango ule mara nyingi.

"Chuo je?" baba akauliza, macho kwenye boga.

"Sirudi, baba. Sitakudanganya siku kama ya leo. Naipenda kazi yangu."

Kisu kikasimama. Nilishika ufagio nikasema moyoni, yaishe basi, kama ni kuisha. Baba akaendelea kumenya. "Sijapenda," akasema. "Wala sitapenda, usinitegemee. Nilitaka upate kazi ya kukaa, siyo ya kusimama." Akasukuma vipande mbele. "Mama yako anatoka saa tisa. Usiondoke kabla hajarudi." Walikwenda msikitini pamoja kuswali Ijumaa, wakarudi, na Nassor hakuondoka. Leo ana jiko lake mwenyewe, na bado akisimama sana anasugua kiuno na kusema mzee alijua. Hilo analisema yeye. Baba mwenyewe alikwenda kaburini bila kusema hata siku moja kwamba kazi ile ni nzuri, ingawa alikula kila alichopikiwa.

Tulikuwa tumetandika mkeka sebuleni mama alipoingia. Alikuwa na koti la kazini, vifungo vyote vimefungwa, na mkoba begani. Akaona viatu, kisha akatuona. Nassor akanyanyuka, akaushika mkono wake akaubusu, akamwambia shikamoo. Mama hakuitika. Alikuwa akitazama sinia.

"Chakula hiki nilikitoa," akasema. "Chote. Nani amekupa?"

"Baba," Nassor akasema.

"Baba yako kakitoa wapi?"

Baba akafuta vidole, taratibu, kimoja kimoja. "Nimekwenda kukiomba kwa Mama Jasbir."

"Wewe?"

"Mimi."

"Umekwenda kwa miguu yako, ukagonga mlango, ukaomba."

"Nimekwenda, Mama Nassor. Mtoto amefunga thelathini kwa kunisikiliza mimi, na mimi nimekula ishirini na tisa. Ningemwambia nini?"

Mama akakaa chini palepale, na koti lake na mkoba wake, akavuta sinia kidogo upande wake.

"Basi nipakulieni na mimi," akasema. "Jana sikula."